SOMO LA WAFANYAKAZI: LORI KUUKUU LINAPOCHEMSHA



Somo hili ni la madereva, mataniboi, mafundi, na kila mfanyakazi anayepanda nyuma ya lori kwenda shambani, kiwandani au bandarini. Anayejua kusoma amsomee mwenzake. Dereva akishaelewa amfundishe taniboi wake, maana leo yeye ni taniboi na kesho atashika usukani.

Huenda mtauliza: Chama na injini wapi na wapi? Jawabu ni hii. Lori likifa njiani, wa kwanza kuumia ni mfanyakazi, na wa kwanza kulaumiwa pia ni mfanyakazi. Asiyejua ugonjwa wa mashine yake hawezi kujitetea. Atakubali kila analoambiwa, kisha atalipa.

JAMBO LILILOTUKUTA

Sisi tunaoandika ukurasa huu ni watu wa Chovai, kisiwa kimoja katika visiwa vya Wabajuni, kusini ya Kismayu. Kwetu kisiwani hakuna lori. Chombo chetu ni mashua, na kazi yetu ni bahari. Lakini papa mkavu na ng'onda zikishashushwa pwani ya bara hazina miguu. Ni lori linalozifikisha mjini, na wengi wa vijana wetu wamepata riziki kwa malori hayo, wengine kwa kuendesha na wengine kwa kupakia na kupakua.

Malori yenyewe ni ya zamani. Kismayu na bonde lote la Mto Juba lilikuwa chini ya Waitalia tangu Jubaland ilipotolewa Kenya mwaka 1925 hadi vita vya mwaka 1941, na hata baadaye mashamba ya ndizi ya bondeni yaliendelea kufanya biashara na Italia. Ndiyo maana malori ya Kitaliani yalijaa huku. Mashuhuri kati yao ni Fiat 682, aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1952, yenye injini ya dizeli ya silinda 6 na ukubwa wa zaidi ya lita 10. Wenzetu wa Kenya waliyazoea zaidi malori ya Kiingereza kama Bedford. Yote ni vyuma vya kweli. Lakini chuma cha kweli nacho huzeeka, na mzee hutaka kutazamwa.

Siku moja wakati wa kaskazi, jua kali, lori la tajiri mmoja lilikuwa likipita njia ya mchanga limejaa samaki wakavu, na juu ya samaki wamekaa wapakiaji. Dereva, mzee wa makamo wa kwetu, aliuona mshale wa geji ukipanda. Hakusimama. Alikuwa ameshaambiwa kwamba mzigo ukichelewa atakatwa. Mbele kidogo mvuke ukatoka, injini ikaanza kugonga, kisha ikazima yenyewe. Taniboi, kijana asiyefika miaka 20, akaruka chini na kufungua mfuniko wa rejeta kwa kitambaa cha kichwani. Maji ya moto yakamrukia kifuani, shingoni na mkononi. Yuko hai, lakini alama anazo mpaka leo.

Injini iliungua gasketi na hedi ikapinda. Tajiri akasema: "Dereva aliendesha bila maji. Alipe yeye." Akaanza kukatwa mshahara wake.

Tulikwenda kumwona. Tukamwuliza: "Ami, maji ulitia?"

Akatujibu: "Wanangu, kila alfajiri natia. Tangu nishike usukani sijapata kuliwasha lori bila kutazama maji."

Tulimwamini. Lakini kuamini peke yake si ushahidi. Tulimwomba fundi mmoja aliyestaafu atufuate gereji, na huko ndiko tulikojifunza haya tunayowaeleza sasa.

JINSI INJINI INAVYOPOZWA

Dizeli inapoungua ndani ya silinda hutoa joto jingi mno. Kwa kukadiria, theluthi moja tu ya joto hilo ndiyo inayogeuka kuwa nguvu ya kusukuma magurudumu. Theluthi nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi, na theluthi iliyobaki lazima iondolewe na maji na hewa. Ikikosa kuondolewa, chuma kitatanuka, mafuta ya injini yatakuwa mepesi kama maji, na pistoni itashika.

Kazi ya kuondoa joto ina watumishi sita:

1. Maji, yanayozunguka ndani ya bloku na hedi kupitia mifereji.
2. Pampu ya maji, inayoyasukuma yazunguke.
3. Themostati, ambayo ni mlango mdogo. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa ili ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzi 80 hivi unafunguka na kuyaruhusu kwenda kwenye rejeta.
4. Rejeta, yenye mirija myembamba inayopitisha maji katikati ya upepo.
5. Feni pamoja na mkanda wake, vinavyovuta upepo kupitia rejeta.
6. Mfuniko wa rejeta, unaobana maji yasitoke.

Huyu wa sita watu humdharau. Maji ya sufuria huchemka kwa nyuzi 100 hapa kwetu pwani. Lakini maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Mfuniko wenye kubana ratili 7 kwa kila inchi ya mraba huyafanya maji yafike nyuzi 110 hivi kabla ya kuchemka. Si malori yote ya zamani yenye mfuniko wa kubana, lakini mengi yanao.

Sasa tazameni hatari iliyopo hapo. Ndani ya rejeta mna maji ya nyuzi 105. Hayajachemka kwa sababu yamebanwa. Ukifungua mfuniko, kile kilichokuwa kikiyabana kimeondoka, na maji yote yanachemka kwa mara moja. Hayamwagiki, yanaruka. Hivyo ndivyo kijana wetu alivyoungua. Kitambaa hakikumsaidia, na ujasiri haukumsaidia. Kilichomkosesha ni kutofundishwa.

LORI LIKICHEMSHA NJIANI, FANYA HIVI

Kwanza, simama. Usiseme "nifike pale mbele." Pale mbele ndipo hedi ilipopindia.

Pili, washushe watu wote waliopanda, wakae mbali na boneti.

Tatu, kama maji hayajamwagika na mkanda wa feni uko mzima, acha injini iungurume taratibu bila mzigo kwa dakika chache, ili maji yazidi kuzunguka na feni izidi kuvuta upepo. Lakini kama mkanda umekatika, au maji yamekwisha, au injini inagonga, zima mara moja.

Nne, ngoja. Nusu saa si nyingi. Usiguse mfuniko mpaka uweze kuweka kiganja juu ya rejeta na kukiacha hapo bila kuumia.

Tano, ukifungua, simama pembeni, uso ugeuze, weka gunia lililokunjwa mara kadhaa juu ya mfuniko, zungusha robo tu, ngoja hewa itoke yote, ndipo uondoe.

Sita, usimwagie maji baridi injini yenye moto. Chuma chenye moto kikimwagiwa maji baridi hupasuka kama glasi. Ngoja ipoe, kisha tia maji kidogo kidogo.

Mtu akiungua: mvue nguo iliyolowa maji ya moto kama haijashikana na ngozi, mvue pete na saa, kisha mmwagie maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usimpake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga, wala asali. Mfunike kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Kwa hiyo kila lori liwe na dumu la maji ya watu, mbali na dumu la maji ya rejeta.

JE, LIMECHEMSHA KWELI?

Fundi mzee alitufundisha jambo la kwanza kabisa: usianze kumtibu mgonjwa kabla ya kujua kama anaumwa. Geji ya lori la miaka 40 au 50 yaweza kusema uwongo, na geji ina njia mbili za kudanganya. Yaweza kuonyesha moto usiokuwepo, ukasimama bure na kuchelewesha mzigo. Au yaweza kulala chini huku injini inaungua, na hiyo ndiyo mbaya zaidi.

Alfajiri, injini ikiwa imelala usiku kucha, tazama mshale. Lazima uwe chini kabisa. Ukiwa juu, geji ni mbovu.

Njia nyingine ni kufungua kile kichwa cha geji kinachoingia kwenye injini, injini ikiwa baridi, na kukitumbukiza ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Mshale lazima uonyeshe nyuzi 100 au karibu yake. Kama ni geji ya umeme, hakikisha kichwa hicho kimeunganishwa na chuma cha gari kwa waya wakati wa kupima. Kama ni geji yenye mrija mwembamba wa shaba, usiukunje mrija huo, kwani ukikatika geji imekufa.

Geji ikifa, bado una pua, masikio na miguu. Harufu ya chuma chenye moto na mpira, sauti ya kugonga wakati wa kupanda mlima, na nguvu kupungua bila sababu, ni dalili tosha za kusimama.

MAPITO MANNE YA KUTAFUTA UGONJWA

Ukishahakikisha kwamba lori linachemsha kweli, jiulize: linachemsha wakati gani? Swali hili moja litakupunguzia nusu ya kazi.

Pito la kwanza: linachemsha likienda polepole au likisimama, lakini likikimbia linapoa.

Hapo tatizo liko kwenye upepo. Likikimbia, upepo wa njiani husaidia. Likisimama, feni peke yake ndiyo ya kutegemewa. Tazama mkanda wa feni. Ubonyeze kwa kidole gumba katikati, injini ikiwa imezimwa. Ukiingia sentimita 1 au 2 ni sawa. Ukiingia zaidi umelegea. Ukiwa unang'aa kama kiatu kilichopigwa rangi, unateleza. Ukiwa na mafuta, safisha na utafute mafuta hayo yanatoka wapi. Kisha tazama uso wa rejeta. Malori ya mashambani hujaza majani, wadudu na udongo katikati ya mapezi yake, na ya kwetu pwani hujaza mchanga. Oshea maji kutoka upande wa injini kwenda nje, si kutoka nje kwenda ndani, na maji yasiwe ya nguvu kiasi cha kukunja mapezi. Mwisho, tazama kama kuna mtu aliyefunga gunia, turubai au ubao mbele ya rejeta. Msicheke, tumeyaona.

Pito la pili: linakwenda vizuri polepole, lakini linachemsha likibeba mzigo, likipanda mlima au likikimbia.

Hapo upepo upo lakini maji hayapiti ya kutosha. Rejeta yaweza kuwa imeziba ndani. Endesha mpaka injini ipate joto, zima, hakikisha feni imesimama kabisa, kisha papasa uso wa rejeta kwa kiganja pole pole. Joto lapasa kushuka taratibu kutoka upande maji yanapoingilia hadi yanapotokea. Ukikuta sehemu ya baridi katikati ya sehemu za moto, mirija ya hapo imeziba.

Tazama pia mpira wa chini wa rejeta. Pampu huvuta maji kupitia mpira huo. Ukiwa mzee na laini, hulala bapa injini ikiungurumishwa kwa nguvu, na maji hukatika. Mwenzako aungurumishe, wewe tazama ukiwa mbali na feni. Mipira mingi ya chini ina springi ndani ya kuizuia isilale. Springi ikiliwa na kutu, mpira mzima wa nje hautasaidia.

Halafu pampu. Chini ya pampu mna tundu dogo. Likitoa machozi ya maji, sili imekwisha. Shika bapa la feni, injini imezimwa, ulitikise mbele na nyuma. Likicheza, beringi ya pampu imekwisha.

Pito la tatu: linachemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa.

Kwanza tazama maji, huenda hayamo. Kama yamo, shuku themostati. Itoe, ifunge kwa uzi na uitumbukize ndani ya sufuria ya maji jikoni, isiguse chini. Kwa kawaida kiwango chake kimepigwa chapa juu yake. Lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakichemka iwe imefunguka vizuri. Ikibaki imefumba ndani ya maji yanayochemka, imekufa.

Hapa tuwakanye jambo moja. Madereva wengi wakiona themostati imekufa huitupa na kuendesha bila. Kukikosekana nyingine, utafika nyumbani. Lakini usiifanye desturi. Injini itakaa baridi muda mrefu kila asubuhi, itakula dizeli zaidi, na silinda zitakwisha upesi. Tena katika injini nyingine themostati ndiyo inayofunga njia ya mkato. Ukiitoa, maji hupita njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kupita rejeta, na lori litazidi kuchemsha.

Pito la nne: maji yanapungua kila siku, na huoni yanakovuja.

Tafuta vizuri kwanza, maana tone moja la usiku likikauka huacha alama nyeupe au ya kutu. Usipoona, shuku gasketi ya hedi au ufa. Dalili zake ni hizi: injini ikiwa baridi, fungua mfuniko, jaza maji, washa, na utazame shingoni mwa rejeta. Mapovu yakizidi kutoka bila kukoma, moshi wa silinda unaingia kwenye maji. Chomoa kijiti cha kupimia mafuta. Mafuta yakiwa na rangi ya maziwa au ya uji, maji yameingia humo. Usiliwashe tena lori hilo. Tazama ekzosi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikiwa na joto ni maji yanayoungua. Na mpira wa juu ukiwa mgumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, ni hewa ya silinda inayoubana.

Mkishapita mapito yote manne msipate kitu, msisahau magonjwa yanayojificha. Breki zinazoshika humlazimisha farasi avute gari lililofungwa. Baada ya safari fupi karibia kila gurudumu bila kugusa, na lenye joto kuliko mengine ndilo lenye kosa. Pampu ya dizeli ikiharibika taiming, moto huwaka kwa kuchelewa na joto hubaki kwenye hedi na ekzosi. Mafuta ya injini yakiwa chini ya alama, joto halipungui. Na mwisho, mzigo. Lori lililotengenezwa kwa tani 8 likipakiwa tani 14, usiitafute themostati, mtafute aliyeamuru lipakiwe.

KILICHOONEKANA NDANI YA REJETA YETU

Sasa turudi kwenye lori letu. Fundi mzee aliiondoa tangi ya juu ya rejeta. Rejeta za zamani ni za shaba zilizoungwa kwa risasi, kwa hiyo zinafunguka na kufungwa tena. Mirija iliyo wazi ilikuwa michache. Iliyobaki ilikuwa imejaa ukoko mweupe na wa kutu, kama ule unaoganda ndani ya birika la chai.

Akatuuliza: "Mnatia maji gani?"

Maji ya kisima. Na maji ya visima vya pwani yetu mnayajua. Sabuni haitoi povu, na chai yake ina ladha ya chumvi. Maji hayo yakipata moto huacha chokaa, na chumvi yake hula chuma. Ukoko ukiganda ni blanketi. Joto la injini halipiti kwenda kwenye maji, na joto la maji halipiti kwenda kwenye upepo. Wazee wetu wa Kibajuni walijua chumvi inavyotafuna chuma. Mtepe, chombo cha asili cha pwani hii, ulishonwa kwa kamba bila msumari.

Kwa hiyo dereva alisema kweli. Maji alitia kila alfajiri, na kila alfajiri aliizibisha rejeta yake mwenyewe bila kujua. Kazini hapakuwa na maji mengine. Hakuna aliyempa pipa la maji ya mvua, hakuna aliyemwambia hatari ya maji ya chumvi, na rejeta haikuwa imesafishwa kwa miaka.

Dawa yake si ngumu. Tumieni maji ya mvua, yaliyokingwa bati likishaoshwa na mvua ya kwanza, na kuchujwa kwa kitambaa. Kuchemsha maji ya chumvi hakuondoi chumvi, wala msijidanganye. Maji ya bahari yasitiwe kabisa. Penye uwezo, changanyeni maji matamu na kulanti ya kuzuia kutu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo. Maji yakiwa mazuri yaacheni humo. Msimwage na kutia mapya kila siku, kwa kuwa kila maji mapya huleta chokaa mpya. Rejeta iliyoziba ipelekwe kwa fundi aifungue na kupitisha rodi kwenye mirija. Tindikali isitiwe na asiyejua kipimo chake, maana hula shaba na risasi pamoja na ukoko.

DAFTARI NI WAKILI WAKO

Tulikwenda kwa tajiri na vitu viwili: ile tangi ya rejeta na maelezo ya fundi. Tulizungumza kwa adabu, siku tatu. Hatukuficha upande wetu. Dereva aliuona mshale ukipanda na hakusimama, na hilo ni kosa. Lakini tuliuliza: kwa nini hakusimama? Kwa sababu kusimama nako kulikuwa na adhabu. Mtu aliyetiwa kati ya adhabu mbili hakuchagua kuharibu mashine.

Mwisho tajiri alikubali kuacha kukata mshahara, na akatoa gharama ya dawa za kijana. Fedha zilizokwisha katwa hakuzirudisha zote. Hatusemi tumeshinda. Tunasema tungekuwa na daftari tungeshinda zaidi.

Sheria zinasemaje? Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 95 wa mwaka 1949 unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria, mapatano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Tanzania, sheria ya ajira na mahusiano kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiri aeleze kwa maandishi sababu ya kumkata mfanyakazi kwa hasara, mfanyakazi apewe nafasi ya kujieleza, na makato hayo yasizidi robo ya ujira wake. Kenya, sheria ya ajira ya mwaka 2007 inaruhusu makato ya haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la kusudi la mfanyakazi. Somalia nayo iliridhia mwaka 2014 mikataba namba 87 na 98, ya uhuru wa kuunda vyama na ya kupatana kwa pamoja. Na mkataba namba 155 wa mwaka 1981 unataka alindwe mfanyakazi aliyejiondoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuiamini. Dereva anayesimamisha lori linalochemsha anafanya jambo hilo hilo.

Basi kila lori liwe na daftari. Kila asubuhi andika tarehe, kiasi cha maji uliyoongeza, mafuta, hali ya mkanda, na mahali geji ilipofika jana. Ukiona kasoro, andika, mwonyeshe msimamizi atie sahihi. Akikataa, andika kwamba amekataa, na mwenzako atie sahihi kuwa shahidi. Daftari likionyesha kwamba maji yanaongezwa lita 1, kisha 2, kisha 4, ugonjwa umejulikana kabla ya injini kuungua. Mashine itapona, na wewe utapona.

Kamati za kazini zidai haya: pipa la maji matamu, mkanda wa akiba, mfuniko mzima wa rejeta, glavu nene, dumu la maji ya watu, na dakika 15 za kukagua lori kila asubuhi zihesabiwe kuwa saa za kazi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini maji ya rejeta huruka mfuniko unapofunguliwa, hata kama hayakuwa yakichemka?
2. Lori linachemsha likisimama, lakini likikimbia linapoa. Utaanza kutazama nini?
3. Utaipimaje themostati kwa sufuria ya jikoni?
4. Mafuta ya injini yamekuwa na rangi ya maziwa. Utafanya nini, na usifanye nini?
5. Maji yanayotiwa kwenye malori ya kazini kwenu yanatoka wapi? Nani aliyaonja?

Swali la tano lijibuni pamoja, mkiwa mmekaa kamati nzima, na jibu lake mlipeleke kwa mwajiri.

Umoja ni nguvu.